Druga na Wuga

Kwenye taarifa za mauzo ya kahawa ya Uganda kuna majina mawili yanayofanana hata kuchanganya: Drugar na Wugar. Mtu akiyasikia kwa simu yenye mkwaruzo, sharti aulize tena. Yote mawili ni Kiingereza kilichokatwa vipande na kuungwa upya na watu wa biashara. La kwanza limetokana na Dry Uganda Arabica, yaani arabika ya Uganda iliyokaushwa. La pili limetokana na Washed Uganda Arabica, arabika ya Uganda iliyooshwa. Mkia wa majina hayo ni mmoja, tofauti iko kichwani tu. Midomoni mwa watu herufi ya mwisho hudondoka, yakawa druga na wuga, na hivyo ndivyo nitakavyoyaandika katika sura hii.

Tafsiri hiyo ni sahihi, ila haimsaidii sana anayetaka kujua kwa nini gunia moja lipate bei na jingine lidharauliwe. Kahawa zote mbili hukaushwa: hata wuga, ikishaoshwa, huanikwa juani mpaka unyevu wake ushuke kufikia asilimia 12 hivi. Tena zote mbili zinaweza kutoka shamba moja, mti mmoja, hata tawi moja. Nimechagua kulisimulia jambo hili kutokea Kyarumba, mji mdogo wa wilaya ya Kasese kwenye miteremko ya Rwenzori, kwa sababu huko majina haya mawili yameingia mpaka ndani ya nyumba za watu. Na naamini maelezo tunayopewa siku zote, kwamba druga ni mbaya na wuga ni nzuri, yanawaonea wakulima.

Ukitoka mjini Kasese kwenda mpaka wa Kongo unashuka kusini hadi karibu na Kikorongo, ikweta inakopita, kisha unachepuka kulia kufuata barabara ya Bwera na Mpondwe. Kushoto kwako ni tambarare ya joto, nchi ya pamba na mifugo, inayopakana na hifadhi ya Queen Elizabeth. Kulia milima inapanda ghafla. Njia ya Kisinga ndiyo inayokufikisha Kyarumba, na kutoka hapo vijiji vya Wakonzo vinaendelea kupanda kuelekea mipaka ya hifadhi ya Rwenzori. Arabika hustawi huko juu, kuanzia mita 1,300 hivi na zaidi, penye ubaridi wa usiku. Mashamba ni madogo na miteremko ni mikali. Mibuni husimama kivulini mwa migomba, ikichanganywa na maharage na mihogo, na mzigo wa kahawa hushushwa kichwani au mgongoni mpaka pale bodaboda inapoweza kufika.

Kahawa nyingi ya Uganda ni robusta ya nchi za chini. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60, na kwa kawaida arabika huwa kama sehemu moja katika tano za mauzo. Arabika hiyo hutoka hasa kwenye miteremko ya Elgon upande wa mashariki, vilima vya West Nile, na Rwenzori. Elgon ilijipatia jina mapema. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kimekuwapo tangu 1954, na kahawa ya huko huuzwa kwa jina la Bugisu lenyewe, AA au A au B kulingana na ukubwa wa punje. Arabika iliyooshwa kwingineko ikapewa jina la jumla, wuga. Rwenzori ikaachiwa druga. Kwa miaka mingi mnunuzi wa Kampala akitamka druga alikuwa na maana ya kahawa ya Kasese na majirani zake, na mara nyingi alikuwa na maana pia ya kahawa ya kuchanganyia, isiyotarajiwa makubwa.

Tuliangalie tunda lenyewe, kwa kuwa ndimo tofauti inamoanzia. Tunda la kahawa lililoiva ni jekundu lililokolea, na ukilibinya kwa vidole viwili mbegu zake huchomoka zikiteleza. Nje kuna ganda. Chini ya ganda kuna nyama kidogo yenye utamu, halafu ute unaoshikilia mbegu. Ndani ya ute kuna ngozi ngumu, nyembamba, rangi ya majani makavu, na humo ndimo zilimolala punje mbili, kila moja ndani ya ngozi yake, zikiwa zimeelekezana nyuso bapa. Anayetengeneza druga halifungui tunda. Huliacha likauke zima zima, ganda likigeuka kahawia kisha jeusi, mpaka ukilitikisa usikie punje zikigonga ndani. Kahawa ya namna hiyo, ikiwa bado na maganda, Uganda nzima huiita kiboko, na jina hilo limeingia hata kwenye taarifa rasmi zinazoandikwa kwa Kiingereza. Baadaye mashine huikoboa kwa mkupuo mmoja, ganda na ngozi vyote vikatoka pamoja.

Anayetengeneza wuga hana nafasi ya kungoja. Matunda yaliyochumwa asubuhi hupelekwa kwenye mashine ya kumenya jioni ileile. Kwanza humwagwa kwenye maji, yanayoelea yakaondolewa kwa kuwa ni mapooza au yameliwa na wadudu. Yakishamenywa, mbegu zenye ute huwekwa kwenye pipa au kisima cha saruji zichachuke, saa 12 kwa uchache na hata 36 kukiwa na baridi. Hapo mtu mwenye uzoefu huingiza mkono, akachota kiganja cha kahawa na kuisugua. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza na kutoa sauti ya kokoto, ute umekwisha, na kila saa inayoongezeka baada ya hapo inaleta uchachu wa kuoza. Huoshwa kwa maji safi, ikaanikwa kwenye vichanja vyenye wavu, ikiwa bado imevaa ngozi yake ya ndani, na kugeuzwa kwa mkono kutwa nzima. Punje zilizopasuka au kugeuka rangi huokotwa moja moja. Kilo tano hivi za matunda hutoa kilo moja ya kahawa hiyo ya ngozi.

Basi mkulima anayeambiwa aache druga atengeneze wuga anaombwa mambo mengi kwa pamoja: achume mekundu tu, apite mti mmoja mara nne au tano badala ya kuufagia wote kwa siku moja, awe na mashine au ajue penye mashine, apate maji, apate vichanja, na zaidi ya yote, aweze kusubiri. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko mengine, na historia ya Bukonzo, nchi ya Wakonzo, inaeleza kwa nini.

Milima hii imepitia vita mara mbili katika kumbukumbu ya watu walio hai. Vuguvugu la Rwenzururu, lililotangaza kujitenga na ufalme wa Toro mwaka 1962, lilikaa milimani kwa miaka 20 hadi mapatano ya 1982. Miaka ya 1970 bei ya Bodi ya Kahawa, iliyokuwa mnunuzi pekee kisheria, ilikuwa duni na malipo yalichelewa. Kahawa nyingi ikavuka mto Lhubiriha kwa magendo kuingia Zaire. Halafu Novemba 1996 waasi wa ADF walishambulia Mpondwe, na kwa miaka iliyofuata watu wa milimani walikuwa wakikimbia na kurudi, wakikimbia tena na kurudi. Kwa mtu asiyejua kama wiki ijayo atakuwa nyumbani kwake, kuchuma kahawa yote leo, mbichi na mbivu, kuianika uani na kuiuza kabla haijakauka ni kujiokoa.

Katikati ya hayo soko nalo lilifunguliwa. Ukiritimba wa Bodi uliondolewa kati ya 1990 na 1991, na mwaka 1991 ikaundwa mamlaka ya kahawa, UCDA, kusimamia ubora. Wachuuzi wakapanda vijijini na mizani zao. Wengi walinunua kilichokuwapo, bila kubagua, kwa kuwa mwenzao nyuma yao angekinunua hivyo hivyo. Mahali pa namna hiyo aliyengoja tunda liive alilipwa sawa na aliyekwangua tawi zima, na pengine alikuta wezi wameshamtangulia. Mazungumzo kwenye mizani yalikuwa mafupi.

"Hii bado ina maji, mama."

"Ichukue hivyo hivyo, mwanangu. Ada ya shule hainingoji."

Mchuuzi alikata kilo kadhaa kwa ajili ya hayo maji, akalipa, akaenda zake. Kahawa ikapelekwa kuanikwa tena penginepo, au ikavunda ndani ya gunia.

Hata hivyo vita na wachuuzi havimalizi maelezo. Sehemu iliyobaki ni ya nyumbani, na nadhani ndiyo kubwa. Katika familia nyingi za Bukonzo, kama ilivyo kwa jirani zao wote wa Maziwa Makuu, ardhi na mibuni huhesabiwa kuwa ya mume. Palizi ni ya mke. Kuchuma ni kwa mke na watoto. Kubeba, kuanika, kuanua mvua inapotishia, ni kwa mke. Siku ya kuuza ni ya mume. Mke aliyeona fedha za msimu uliopita zikipotelea kwenye pombe au kwa mke mwingine hutafuta njia yake: hutangulia shambani alfajiri, akachuma kikapu kimoja cha yaliyopo, mekundu na ya kijani, akamuuzia mchuuzi kimyakimya apate sabuni na madaftari. Mume akigundua matawi yamepungua, naye huharakisha kuchuma yaliyobaki kabla hayajaiva. Wengine huuza maua, yaani hukopa fedha kwa mchuuzi kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa. Wahaya wa Kagera wanaufahamu vizuri mchezo huo, wanauita butura. Nyumba moja ikawa na wachumaji wawili wanaoibiana, kila mmoja akishindana na mwenzake kulifikia tunda kabla ya siku yake. Katika hali hiyo hakuna mafunzo ya ubora yatakayosaidia. Unaweza kumwonyesha mama picha za matunda mekundu mwaka mzima. Anajua fika jekundu ni lipi, ila analijua pia tumbo la mtoto wake.

Ushirika wa Bukonzo Joint, wenye makao yake Kyarumba, ulianza mwaka 1999 kwa shughuli za kuweka na kukopa. Ulipoingia kwenye kahawa ulikutana na jambo hili uso kwa uso, na namna ulivyolishughulikia imewavuta watu wa mbali kuja kujifunza. Miaka ya 2000 ulishiriki kujenga mbinu inayojulikana kwa herufi GALS, ambayo msingi wake ni kuchora, kwa sababu wengi wa wanachama hawakuwa wamesoma sana. Mume na mke hupewa karatasi na kalamu za rangi. Huchora mti. Kwenye shina wanajichora wao wenyewe na walio nyumbani. Mizizi ni kazi na kipato: upande mmoja ya mwanamke, upande mwingine ya mwanamume, katikati ya wote wawili. Matawi ni matumizi, kwa mpangilio uleule. Wakimaliza wanausimamisha mti wao na kuutazama kama unaweza kusimama. Mara nyingi mizizi ya mwanamke imejaa upande mmoja mpaka karatasi imekwisha, ilhali upande wake wa matawi una chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Upande wa mwanamume mizizi ni michache na matawi yameelemewa. Hakuna aliyehubiri. Wameuchora wenyewe, na mbele ya majirani waliochora mti kama huo.

Kinachofuata hapo kinahusu kahawa moja kwa moja. Wakikubaliana kwamba mauzo yatakuwa ya pamoja na matumizi yatapangwa pamoja, sababu ya kuchuma kwa siri inaondoka. Tunda linaachwa mtini mpaka liive, kwa kuwa anayeliacha anaamini atalikuta. Naona hii ni habari kubwa kuliko habari ya mashine, ingawa mashine nazo zilihitajika. Wafadhili hupenda kuhesabu vichanja na mitambo ya kumenya, na vitu hivyo huonekana vizuri kwenye picha. Makubaliano ya mume na mke hayapigwi picha, lakini bila hayo vichanja vingekuwa vya kuanikia nguo.

Sasa turudi kwenye majina. Kwa nini kichwa cha neno kiwe na thamani ya fedha? Arabika ya dunia huangalia bei ya soko la New York, na mkataba wa soko hilo uliandikwa kwa ajili ya arabika iliyooshwa. Uganda imo kwenye orodha ya nchi ambazo kahawa yake inaweza kupelekwa kutimiza mkataba huo, sambamba na Kenya na Tanzania. Kahawa yenye jina la wuga kwa hiyo ina mlango unaojulikana: mnunuzi anaweza kuipimia bei asubuhi hiyo hiyo. Druga haina mlango huo. Huuzwa kwa mapatano, na mapatano huanza kwa kupunguza. Ndiyo maana wakulima wa Rwenzori walipoanza kumenya na kuosha kwa pamoja waliona tofauti ya bei waziwazi, na ndiyo maana mafunzo ya serikali na ya mashirika kwa miaka mingi yalikuwa na ujumbe mmoja, kwamba druga iachwe.

Ujumbe huo uliwanufaisha wengi, siubishi. Lakini ulibeba kosa ndani yake. Ulifanya ukaushaji wa tunda zima uonekane ndio chanzo cha uchafu. Kahawa ya Yemen, iliyopewa jina la bandari ya Mocha, haikuoshwa. Ilikaushwa na maganda yake juu ya mapaa, na bado hufanywa hivyo. Kahawa ya Harar, mashariki mwa Ethiopia, hukaushwa nzima, na wapo wanaoitafuta kwa harufu yake ya matunda. Brazili, inayoongoza dunia kwa kuzalisha kahawa, hukausha sehemu kubwa ya arabika yake bila kuiosha. Punje inayokaukia ndani ya tunda lililoiva hubaki na utamu na uzito kinywani. Ile iliyooshwa huwa nyepesi, safi, yenye ukali kidogo wa limau. Ni ladha mbili. Kilichoiangusha druga ya Rwenzori kilikuwa matunda ya kijani yaliyochanganywa na mekundu, udongo wa uani ulioipa harufu ya vumbi, na mvua ya milimani iliyoinyeshea mara tatu kabla haijakauka. Jina likachukua lawama za mambo hayo yote.

Maji nayo yana neno lake. Kuosha kahawa kunahitaji maji mengi, na yale yanayotoka kwenye mashine yana sukari na uchachu unaoua viumbe wa mtoni yakimwagwa bila kutuamishwa kwenye mashimo. Mito ya hapa, Nyamugasani na Lhubiriha na mingineyo, ndiyo wanayoinywea watu wa chini na wanyama wa hifadhi. Mashine mpya hutumia maji kidogo, ila kwenye kilima kisicho na bomba bado kila ndoo imebebwa na mtu, na kwa kawaida mtu huyo ni mwanamke au msichana.

Upande wa pili wa Lhubiriha mambo yanafanana, kwa kuwa watu ni wamoja. Wanaoitwa Wakonzo Uganda wanaitwa Wanande Kongo, na wanasikilizana. Huko nako arabika hupandwa kwenye miteremko ileile inayotazama Beni, na vyama vya ushirika kama Kawa Kanzururu vimejitahidi kuosha na kuuza moja kwa moja nje. Lakini ushuru na vita vimefanya kahawa nyingi ya Kongo ivuke usiku kuingia Bwera. Ikishavuka hupewa jina la Uganda, iwe imeoshwa au imekaushwa. Karatasi haiulizi mto.

Miaka ya karibuni wamekuja wanunuzi wanaotaka tena kahawa iliyokaushwa nzima, safari hii kwa bei nzuri. Masharti yao ni mazito: matunda mekundu pekee, yaliyochambuliwa kwa kuelea majini, yakaanikwa juu ya vichanja bila kugusa ardhi, kwa tabaka jembamba, yakigeuzwa mara nyingi kwa siku na kufunikwa mvua ikija, kwa wiki tatu au zaidi. Ukiifuata njia hiyo hatua kwa hatua utaona ni druga kamili: arabika ya Uganda, iliyokaushwa. Hakuna muuzaji anayethubutu kuiita hivyo, na kwenye magunia huandikwa natural. Wakulima waliofundishwa miaka yote kwamba kuanika tunda zima ni uvivu wana haki ya kuuliza kulikoni, na wanastahili kuelezwa kwa kirefu badala ya kupewa jina jingine la Kiingereza. Kazi ya kusimama kwenye vichanja hivyo kutwa, jua na mawingu, kwa kawaida inawaangukia wanawake. Kwa hiyo kila msimu mume na mke hulazimika kukaa tena na kupatana nani atakwenda kupokea malipo.